Mashine Niliyoichagua kwa Wivu

Mume wangu alikuwa seremala mtaani kwetu Likombe, Mtwara, na mbao zake alizinunua kwa mjane mmoja mwenye yadi upande wa kuelekea bandarini. Kwa miaka mingi sikuwa na neno na mjane huyo. Kwangu alikuwa mtu wa biashara tu, sawa na muuza mafuta ya taa. Neno lilianza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tulipoamua kupasua miembe ya mama yangu.

Miembe hiyo ilikuwa kijijini Ziwani, kwenye shamba aliloniachia mama, naye aliachiwa na mama yake. Kwetu ardhi hupita mikononi mwa wanawake, na mume hulima shamba la mkewe bila kuona haya. Miembe yenyewe ilikuwa mikubwa, ya tangu enzi ya bibi, na ilikuwa imechoka kuzaa. Mmoja ulianguka wakati wa masika ukavunja mikorosho michanga niliyoipanda kwa mkono wangu. Mume wangu alikuja kuutazama, akaugonga kwa kisigino cha shoka toka shinani hadi kwenye matawi, kisha akasema ndani ni mzima.

"Hapa kuna vitanda," akasema. "Kuna makabati. Tunanunua mbao za Masasi na Newala wakati mbao zimelala hapa zinaliwa na mchwa."

Tulimwita mwenye msumeno wa mnyororo akatupasulia gogo la kwanza. Alipomaliza, lundo la unga lilikuwa refu kuliko lundo la mbao, na mbao zenyewe zilikuwa na mawimbi, huku nene, kule nyembamba. Mume wangu alizipiga randa siku nzima akarudi nyumbani ana hasira. Jioni ile, tukila mihogo na dagaa, akaniambia kuna mashine ndogo za msumeno wa mkanda, zenye utepe mwembamba wa chuma uliochongwa meno, unaozunguka kwenye magurudumu mawili. Hazili mti. Zinakata ubao ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho, na unga wake unajaa kwenye ndoo.

"Nani kakwambia?" nikamuuliza.

"Yule mama wa yadi. Anazijua sana."

Nilifurahi. Nasema kweli, siku ile nilifurahi.

Lakini baada ya hapo kila kitu kilikuwa yule mama kasema. Yule mama kasema injini ya dizeli inadumu kuliko ya petroli. Yule mama kasema utepe usipokazwa vizuri unatembea. Yule mama kasema mwembe upasuliwe ukiwa mbichi, maana ukikauka unakuwa mgumu na kupindapinda. Nilikuwa nikishona kwenye cherehani barazani, naye mume wangu amekaa kwenye kigoda ananieleza, na macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtu anayesimulia harusi. Mume wangu si msemaji. Tulishaishi miaka mingi pamoja, na nilikuwa nimejizoesha kukaa na ukimya wake. Sasa maneno yalikuwa yamepatikana, ila yametoka kwa mwingine.

Kisha akaanza kunyoa ndevu katikati ya wiki.

Nikaamua kumpelekea chakula huko yadini. Alikuwa ameniaga kwamba anakwenda kuchagua mbao za mlango, na saa ya chakula ilikuwa imepita. Nilivaa gauni langu la Idi, nikajitanda khanga mpya, nikabeba hotpoti la wali na pweza. Niliwakuta wamesimama mbele ya rundo la mninga. Mjane alikuwa ameshika chaki, anachora juu ya ubao. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, umri wangu au ananizidi kidogo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, na mikono yake ilikuwa mikubwa. Hakuwa amejipamba hata kidogo. Hilo liliniuma zaidi, kwa sababu mimi nilikuwa nimejipamba.

"Karibu, dada," akasema. "Nilikuwa namwonyesha mzee hapa mashine inavyokaa."

Akanionyesha na mimi. Mashine aliyoichora haikuwa tena zile ndogo; ilikuwa kubwa, ya umeme, inayosimama juu ya zege na haihami. Ilikuwa inauzwa kwenye ghala moja la zamani karibu na bandari. Inameza gogo zima la mwembe bila kulipunguza. Umeme wake ni wa nyaya tatu, na umeme wa aina hiyo haukuwapo Ziwani, wala Likombe kwetu haukufika. Pale yadini kwake ulikuwapo.

"Kwa hiyo itakaa hapa," nikasema.

"Itakaa hapa. Ninyi mnaleta magogo, mimi natoa mahali na umeme, tunashirikiana. Mzee atakuwa anakuja kuiendesha."

"Kila siku?"

"Siku za kazi," akasema mume wangu haraka, akapokea hotpoti.

Alikula amekaa juu ya mbao. Mjane akamletea maji ya kunawa, akayamimina mwenyewe, na mume wangu akanawa kwa namna ya mtu aliyezoea kumiminiwa maji na mkono ule. Pengine nilikosea. Lakini nimekoseshwa usingizi na jambo hilo mara nyingi, na bado sioni kama nilikosea.

Nilirudi nyumbani. Sikuwa na la kumshitaki. Mwislamu anaruhusiwa kuoa mke wa pili, na mwanamke akiulalamikia ushirika wa mashine atachekwa na mtaa mzima. Nilijiambia kwamba kama sina la kusema juu ya mwanamke, basi nitasema juu ya mashine.

Mama yangu mdogo, aliyekuwa akiishi Mpapura, alikuwa amewahi kuwapikia mafundi wa mkandarasi mmoja aliyejenga madarasa huko. Akaniambia mkandarasi yule alikuwa na mashine ndogo ya kupasulia mbao, amemaliza kazi na anataka kuiuza kabla hajaondoka mkoani. Nilikwenda bila kumwambia mume wangu. Niliaga kwamba mama mdogo anaumwa mgongo, jambo ambalo lilikuwa kweli siku zote.

Ile mashine niliikuta nyuma ya madarasa mapya, chini ya turubai. Nilipoiona nilikata tamaa kidogo. Ilikuwa kama kitanda cha chuma kirefu kisicho na godoro, reli mbili zimelala chini, na juu yake kichwa chenye injini ya petroli na mfuniko wa bati unaoficha magurudumu. Fundi wake, kijana wa Kimakua mpole, alicheka aliponiona naizunguka.

"Mama unataka kununua?"

"Nataka kujua. Nieleze kama unavyomweleza mwanamume."

Akanieleza. Gogo hulazwa kwenye kitanda, likabanwa kwa vyuma lisicheze. Kisha kichwa kinasukumwa kwa mikono juu ya reli, taratibu, nao utepe unapita ndani ya mti. Ubao mmoja ukitoka, unakishusha kichwa kwa mkono wa kuzungusha, unasukuma tena. Reli zinafunguliwa vipande vipande. Kichwa wanakibeba watu wanne. Ikipakiwa kwenye pikapu inakwenda hata porini, inaufuata mti ulipoangukia badala ya mti kuifuata yenyewe.

"Na ubaya wake?" nikauliza.

"Gogo kubwa mno haimezi. Inabidi ulipasue kwanza kwa msumeno wa mnyororo, upate vipande. Na utepe ukigonga msumari umekwisha. Na petroli, mama, inakunywa."

Nilimwomba aiwashe. Akaweka kipande cha msonobari, akafungua kibati cha maji kinachodondoshea utepe usishike moto, akavuta kamba. Mlio wake ulikuwa mkali, lakini ulipoingia kwenye mti ukageuka kuwa mzomeo mwembamba, na ubao ukajitenga polepole, laini, unatoa mvuke. Niliushika. Ulikuwa umenyooka kuliko chochote nilichowahi kushona. Nikajisahau kwa dakika kadhaa kwamba nilikwenda pale kwa sababu ya mwanamke.

Niliporudi nilikuwa na maneno. Nikamwambia mume wangu kwamba umeme wa Mtwara unakatika asubuhi na mchana, na mashine ya umeme bila umeme ni chuma cha kufungia mbuzi. Nikamwambia magogo ya Ziwani kuyaleta mjini kunahitaji lori kila mara, na lori haliingii shambani wakati wa mvua. Nikamwambia tukishirikiana na mtu mahali pake, siku tukikosana mashine itabaki kwake. Kisha nikamwambia kwamba Mpapura kuna ndogo ya petroli inayouzwa.

Alinitazama kwa mshangao. "Haya umeyajulia wapi?"

"Nimeyajua."

"Lakini haitameza shina la mwembe."

"Tutalipasua kwanza. Miembe ni yangu, Baba watoto. Sitaki iondoke Ziwani ikiwa magogo. Iondoke ikiwa mbao."

Siku iliyofuata alinyoa ndevu akaenda yadini, na jioni mjane mwenyewe alikuja nyumbani.

Alikuja kwa adabu, na kifurushi cha tende mkononi. Nikamkaribisha barazani, nikampa chai. Mume wangu alikaa katikati yetu, anajikuna goti. Mjane alisikiliza hoja zangu zote bila kunikatiza. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mashine ndogo itatuchosha mikono, kwamba kwa mti mkubwa kama mwembe kubwa ndiyo inayofaa, lakini habari ya umeme ni kweli na habari ya lori ni kweli.

"Basi chukueni hiyo ndogo," akasema. "Mimi sitagombana na mwenye miti."

Mume wangu akaenda msikitini, ilikuwa inaadhiniwa magharibi. Tukabaki wawili. Mjane alizungusha kikombe chake juu ya sahani.

"Dada, nikuulize. Unaiogopa mashine au unaniogopa mimi?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. "Nakuogopa wewe."

"Unayo haki," akasema. "Ameshaniuliza."

Sikuuliza ameuliza nini.

"Lini?"

"Kabla ya korosho kuanza kuanguka. Nilimwambia nitafikiri. Bado nafikiri. Nimekwambia kwa sababu ningekuwa wewe ningependa kuambiwa." Akasimama, akajifunga khanga yake vizuri. "Nimekaa mjane muda mrefu. Si jambo la kukataa kwa dharau, wala la kukubali kwa haraka."

Nikamsindikiza hadi barabarani, kwa sababu mgeni husindikizwa. Tuliongea habari za bei ya mchele. Kisha nikarudi ndani, nikamwandalia mume wangu chakula, na nilipompa sahani niliuona uso wake umetulia kama wa mtu asiye na deni kwa yeyote, nikatamani kuimwagia mchuzi fulana yake nyeupe. Sikuimwagia. Sikumwambia kwamba najua. Niliona kwamba siku nikilisema, atajibu ndiyo, na ndiyo hiyo ikishatoka kinywani mwake haitarudi.

Mashine ndogo tuliinunua baada ya msimu wa korosho. Ilipelekwa Ziwani kwa pikapu, reli zimefungwa juu, na fundi wa Kimakua alikuja kutufundisha wiki ile. Tuliinua kibanda cha makuti juu yake. Mume wangu aliijua haraka, nami nikaijua nyuma yake, maana sikukubali kukaa mbali. Nilijifunza kukaza utepe hadi unapougonga kwa kidole ukupe sauti kavu. Nilijifunza kubana gogo na kulisafisha magome yenye mchanga, kwa kuwa mchanga hula meno. Mikono yangu iliota sugu mahali ambapo sindano haikuwahi kufika. Nikawa naitazama na kujiuliza kama sasa inafanana na ile mikono mikubwa ya mjane.

Siku ya kupasua gogo la kwanza kubwa, watu wengi walikuja. Mama mdogo alitoka Mpapura na kikapu cha ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini. Majirani wakasimama pembeni na watoto wao. Na mjane alikuja, kwa sababu mume wangu alimwalika. Alisema ni adabu, tumechukua ushauri wake wote, aone matokeo. Alipanda nyuma ya pikapu na kushuka pale shambani kwangu, chini ya miti ya bibi yangu, akapiga hatua ndefu hadi kwenye mashine na kuiinamia. Mume wangu akaanza kumwonyesha hiki na kile. Alikuwa anaongea. Alikuwa anaongea bila kukoma.

Tulikuwa tumekwisha kuligawa shina kwa msumeno wa mnyororo. Kipande cha kwanza kikalazwa, kikabanwa. Mimi nilikuwa upande wa mwisho wa reli, tayari kupokea ubao. Mjane alikuwa amesimama upande wa injini, karibu zaidi na kichwa kuliko ilivyofaa, ili aone utepe unavyoingia. Mume wangu akavuta kamba, akaanza kusukuma.

Ubao wa kwanza ulitoka vizuri, mwekundu kidogo katikati, na watu wakaguna kwa kuridhika. Wa pili ukafika kama nusu ya gogo. Ndipo ikatoka sauti kama ya sahani kubwa ya bati inayoangushwa kwenye saruji. Utepe ulikuwa umegonga msumari, msumari mnene wa zamani uliomezwa na mti, na ukakatika ndani ya mfuniko. Mfuniko wote ukatetemeka, cheche zikatoka.

Mume wangu aliachia mpini. Kwa mkono mmoja akazima injini, na kwa mkono wa pili akamvuta mjane kwa nguvu, akamkumbatia, akaipa ile mashine mgongo wake ili yeye ndiye akatwe kama kuna cha kukata. Wakakaa hivyo. Kisha kimya kikaja, kimya cha mashamba baada ya injini kuzimika, na utepe uliovunjika ulikuwa umetulia salama ndani ya bati lake, haukumgusa mtu.

Mimi nilikuwa bado nimesimama mwisho wa reli, mikono nimeinyoosha kuungoja ubao.

Alimwachia. Kila mtu alikuwa ameona. Mama mdogo akamwita mtoto mmoja kwa ukali usiokuwa na sababu. Mume wangu akanitazama, akasema, "Yeye ndiye alikuwa karibu."

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa karibu."

Na kwa kipimo cha hatua ilikuwa kweli. Nimejaribu kuliamua jambo lile kwa haki. Mtu aliye karibu na hatari ndiye huvutwa. Lakini mimi nilimwona uso, watu wengine waliuona mgongo, na uso ule sikuwahi kupewa hata siku niliyokuwa kitandani hospitalini nikimzalia mtoto wa mwisho akiwa amekaa vibaya tumboni.

Mjane alijifuta vumbi, hakumtazama mume wangu tena. Alinitazama mimi. Kisha akasema ni vizuri arudi mjini kabla ya jua kuchwa, akaondoka na pikapu ile ile bila kula ming'oko.

Siku chache baadaye alipita kwangu Likombe, asubuhi, mume wangu akiwa kazini. Hakukaa. Alisimama kwenye ngazi ya baraza.

"Nimemjibu," akasema. "Nimekataa."

Nikamshukuru. Lile neno lilinitoka lenyewe.

"Usinishukuru. Sikukataa kwa ajili yako." Alivua miwani akaifuta kwa khanga. "Nilishikwa na mtu siku ile, baada ya miaka yote hii, na moyo wangu haukushtuka. Ulishtuka mwili tu, kwa ajili ya chuma. Nikajua jibu langu."

Akaniaga. Nilikaa kwenye cherehani muda mrefu bila kukanyaga. Ningependa kusema kwamba nilifarijika, lakini nilichosikia kilikuwa kitu kingine. Uso ule wa mume wangu, ambao mimi ningetoa shamba zima kuupata, yeye alikuwa ameupata bure na haukumgusa.

Mume wangu alihuzunika mvua zile zote. Hakusema, lakini mwanamke anajua. Aliacha ndevu zikaota hovyo. Alipasua mbao kimya, akazipaka oili chafu kimya, akazipanga kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite. Nilimwonea wivu hata kwa huzuni ile. Nilimpikia, nikamfulia, nikamsikia akiguna usingizini, na kila mguno niliuhesabu kuwa wa mwingine. Siku moja tukiwa tunafunga utepe mpya, yeye gurudumu hili mimi lile, akasema bila kuinua kichwa:

"Kuna jambo nilimuuliza yule mama."

"Najua."

"Alikwambia?"

"Kabla hatujainunua hii."

Alikaza skrubu, akailegeza, akaikaza tena. "Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Mke wangu, ungesema."

"Ungejibu nini?"

Tukamaliza kufunga utepe, akaugonga kwa kidole, nami nikaugonga upande wangu, tukakubaliana kwamba umekaza. Siku ile tulipasua hadi adhuhuri, na mara mbili aliniuliza kama nimechoka. Hakuwa na desturi ya kuniuliza hivyo.

Mashine ile tuliitumia miaka mingi. Ilituchosha mikono kama mjane alivyosema, na petroli iliinywa kama fundi alivyosema. Vitanda vya mwembe vilivyotoka Ziwani vimelaliwa na watu wa Likombe hadi Mikindani. Tulipomaliza miembe ya bibi, watu wakawa wanatukodi, tunapakia reli kwenye pikapu tunaufuata mti ulikoanguka, Mpapura na kwingineko, mimi na yeye. Katika safari hizo aliongea kidogo. Ilikuwa haba, lakini ilikuwa yangu.

Kwa miaka yote hiyo pale mjini mtu aliyejua kuunga tepe zilizokatika zisikatike tena mahali pale pale alikuwa mmoja, na alikuwa fundi wa yadi ya mjane. Tepe zilikatika mara kwa mara, maana miti ya zamani ina misumari mingi. Nilizipeleka mwenyewe, zimekunjwa na kufungwa kwa kamba. Mjane hakuolewa tena. Alinipa kiti, tukazungumza mbao, umeme na magoti yetu yaliyoanza kuuma, na nilianza kumpenda, ingawa si kwa siku moja. Mume wangu alipojitolea kunipunguzia safari, nikamwambia hapana, apumzike, njia ya huko naijua vizuri. Kisha nilivaa gauni langu zuri kuliko yote, nikajitanda khanga, nikaenda.